Kokwa ya Lalobe kwenye Sinia

Ayikoru,

Kabla ya salamu nikuambie sauti. Ni sauti ndogo, ya kokwa ya tunda la lalobe ikianguka kwenye sinia la bati, nyumbani kwa Mama Hakimu, Koboko, siku ya Idi. Ti. Kisha ikazunguka kidogo pembeni mwa wali, ikatulia. Nimesikia mizinga wakati wa vita, na mvua juu ya turubai miaka tuliyokuwa wakimbizi, na sauti hizo zimekwenda zao. Hiyo ya kokwa haijaondoka. Mpaka leo mtoto akiangusha kifungo darasani, ninaacha kuandika ubaoni, mkono ukiwa juu, ninangoja kusikia kama wewe utalia.

Ulilia, na nitakueleza nini kilifuata, kwa sababu najua wewe unaikumbuka siku ile kwa namna yako na watu wa Koboko wanaikumbuka kwa namna yao. Kule inaitwa siku ambayo mwalimu wa Mvara alimpiga mtoto mbele ya wageni. Unakwenda kuishi huko kesho. Nisingependa uishi ndani ya hadithi hiyo bila kuwa na ya kwangu mkononi.

Habari za kuoga, za viatu, za kutolala na nywele zikiwa na maji, bibi yako amekupa tangu mchana na ataendelea mpaka gari liondoke. Mimi ninazipita. Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyosemezana na baba yako tangu mwanzo, yeye akiwa hajui Kilugbara changu wala mimi Kikakwa chake. Hiki changu nilikipata shuleni Nakuru, babu yako alipokuwa akifanya kazi relini. Chake alikipata kwa baba yake, mwanajeshi. Ulizaliwa katikati ya hivyo viwili. Mengine hapa utayaelewa sasa, mengine ukiwa mkubwa. Usiitupe barua.

Nianzie ulipozaliwa, kwa sababu wivu wangu ulizaliwa siku hiyo hiyo.

Tulikuwa tumevukia Zaire, kama watu wote wa huku mwaka ule, na mizigo kichwani. Zahanati ya kambi ilikuwa chumba cha udongo na turubai. Muuguzi alikuwa mwanamke Mkongo, mnene, mcheshi, tukimwita Mama Bernadeta, na kutwa nzima alitafuna kipande cha tangawizi. Ulitoka kimya. Hukulia, hukukunja hata kidole, rangi yako haikuwa ya mtu. Nilimwona akikupangusa haraka kwa kitambaa kikavu, akikusugua mgongo, akikusafisha mdomo. Kimya. Akakulaza chali, kichwa kimenyooka, akafunika mdomo wako na pua yako, vyote viwili, kwa mdomo wake. Akakupulizia. Si kwa nguvu. Pumzi ndogo ndogo za mashavu, kama mtu anayepuliza unyoya utoke kwenye nguo. Nikaona kifua chako kikiinuka kidogo. Akapuliza tena. Ndipo ukakunja uso, ukalia.

"Iko," akasema. "Mutoto iko. Wewe mama, lia basi. Yeye nalia, wewe nanyamaza, ni nini?"

Nilikuwa nimenyamaza kwa sababu nilikuwa ninaona wivu. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili. Wanawake waliokuwepo walishangilia, baba yako nje alishukuru kwa sauti, nami nilikutazama nikiwaza kwamba pumzi ya kwanza iliyoingia kifuani mwako ilikuwa na harufu ya tangawizi ya mtu mwingine. Nilikubeba miezi yote hiyo, nikavuka mto na wewe tumboni, na mlangoni akatangulia mwingine.

Nilipopata nguvu nikamfuata Mama Bernadeta. Nikamwambia anifundishe kila anachokijua juu ya pumzi.

"Wewe iko na masomo mingi," akasema, "soma kitabu."

"Vitabu vyangu viliungua Arua."

Akacheka, akanifundisha. Alifundisha kwa kitenge kilichoviringishwa na kufungwa kamba, kiwe mtoto, na kwa mwili wangu mwenyewe, niwe mtu mzima. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, kupita kiasi. Watu walidhani nina huruma na wagonjwa. Nilichotaka ni kwamba pumzi yako ikikwama tena, popote, anayetangulia awe mimi.

Basi hapo ndipo uliposimama ujuzi wote ninaosifiwa nao.

Ulipoanza kutembea, kifua chako kikaanza kubana. Unakujua kubana kwenyewe kuliko mimi, lakini hujui kulivyoonekana kutoka nje: mabega juu, shingo ikivuta, mluzi mwembamba kila ukitoa pumzi. Mama Bernadeta alinikataza kukulaza. Alisema mtu aliyebanwa kifua aketi, ainame mbele kidogo, viwiko juu ya magoti au mezani, vifungo vifunguliwe, atolewe penye moshi na vumbi, na watu wasimzunguke kama wanaotazama ngoma. Atoe pumzi polepole. Kuvuta kutajileta. Na kama hawezi kumaliza sentensi, au midomo inageuka rangi, au anachoka na kusinzia, hapo si mambo ya nyumbani tena, ni kukimbilia hospitali bila kungoja asubuhi.

Hayo ni ya kwake. Lakini chai ni ya kwangu.

Hukuwa na umri wa kuelewa "toa pumzi polepole." Nikakuambia tupoze chai. Nikakunja kiganja changu kama kikombe, mkono wangu mwingine mgongoni pako, nikapuliza juu ya kikombe kisichokuwepo, pumzi ndefu, na wewe ukapuliza. "Bado ya moto," nikasema. Tukapuliza tena. "Bado." Siku moja ukaniambia imemwagika, na ukacheka, nikajua kifua kimefunguka. Tumepoza chai hiyo kambini, tumeipoza juu ya lori tuliporudi nyumbani, tumeipoza kanisani hapa Mvara watu wakidhani tunasali. Hatukuwahi kumwonyesha mtu. Hata baba yako alikuwa akituona tu kwa mbali, hajui tunanong'ona nini.

Baada ya kurudi, baba yako alifungua duka Koboko, kwa watu wake, penye njia ya Sudan na Zaire. Mimi nikapata kazi ya kufundisha hapa Mvara, Arua. Tulisema ni kwa muda. Kisha siku moja alikuja amevaa kanzu safi, akaketi kwenye kiti cha wageni badala ya kiti chake, na nikajua kabla hajafungua mdomo. Jina lake Zaituni, akasema. Ni mtu mzuri, akasema. Hili la pili lilikuwa baya zaidi, kwa sababu lilikuwa kweli.

Sikugombana. Niliwaza mno, kama kawaida yangu. Nilikaa nyumbani kwa bibi yako, nikafundisha, nikakubali uende Koboko wakati wa likizo kwa sababu mtoto ana baba. Ulirudi likizo ya kwanza ukinuka udi. Anafukiza nguo, anafukiza nywele, wanawake wa kule wanajua mambo hayo. Nilikuosha mara moja. Ukalala, nikainama kukubusu, nikausikia bado kwenye nywele. Kesho yake nikakuosha tena.

"Ni kwa ajili ya kifua chake," nikamwambia bibi yako. "Moshi wa udi haumfai."

Akaendelea kuchambua maharage. "Unamwosha mtoto," akasema, "au unamwosha yule mwanamke?"

Ni kweli moshi haukufai, Ayikoru, na usikae ndani akifukiza. Lakini bibi yako alisema kweli pia. Nimejifunza kwamba ninaweza kusema jambo la kweli kabisa, la kitabibu, kwa sababu ya uongo. Nimekufanyia hivyo mara nyingi. Kifua chako kilikuwa kimetulia karibu mwaka mzima, nami niliendelea kukitaja kila Koboko ilipotajwa.

Sasa Idi.

Nilialikwa na nikaenda, kwa sababu kutokwenda kungesemwa. Zaituni alikuwa na mimba ya mdogo wako Hakimu, anang'aa, amevaa njano. Wanawake tulikaa mkekani kuzunguka sinia, na katikati asida, ule ugali laini wa kule, na mchuzi na wali, vimefunikwa kwa vile vifuniko vya ukili anavyosuka mwenyewe, vya rangi nyekundu na zambarau. Nyinyi watoto mlikuwa pembeni, kila mmoja na lalobe shavuni. Aliwagawia yeye. Ninalijua tunda hilo, linakuja kwa magunia kutoka Sudan, nyama yake nyembamba, tamu yenye uchungu, na mtoto humung'unya kokwa yake kutwa nzima. Nilitaka kusema usile huku ukicheza. Ningesema, wangesikia mke mwenza anakataa tunda la mwenzake.

Zaituni alikuwa akiigiza mwenye duka fulani anavyotembea akiwa na suruali mpya. Unajua anavyoigiza. Wote walicheka, na wewe ulicheka kuliko wote, kichwa nyuma, mdomo wazi. Nilikuwa nikikutazama wewe ukicheka kwa ajili yake. Kwa hiyo wengine walisikia tu kwamba kicheko kimeisha. Mimi niliona kwamba hakuna kilichofuata. Hukukohoa. Hukulia. Ulisimama na mikono shingoni, macho yamekuwa makubwa, na kinywa chako kikitaka kutoa sauti isiyokuwepo.

Mtu anayekohoa, mwache akohoe, anapigana mwenyewe na anaweza kushinda. Kimya ndicho cha kuogopa.

Zaituni alikuwa mwepesi kuliko wote. Sikatai. "Imemukwama," akasema, na mkono wake ukaingia kwenye asida, akafinyanga tonge kubwa, laini, akakushika kidevu. Ndivyo watu wetu wote wanavyofanya, Kakwa na Lugbara na wengine. Mwiba wa samaki ukikwama kooni, unameza tonge bila kutafuna, tonge linaushusha. Hata bibi yako amenifanyia mimi. Lakini mwiba hauzuii pumzi, kokwa inaziba njia, na tonge juu ya kokwa ni kizibo juu ya kizibo.

Sikuwa na muda wa kueleza. Nikaupiga mkono wake. Tonge likaruka, likaanguka mkekani.

Wewe ni mtoto wa huku, unajua maana yake. Chakula cha sikukuu, kutoka mkononi mwa mwenye nyumba, nimekitupa chini mbele ya shangazi za baba yako. Watu walivuta pumzi wote pamoja. Nikakushika, nikakuinamisha juu ya mkono wangu, kichwa chini kuliko kifua, nikakupiga mgongoni, katikati ya mabega, kwa sehemu hii ya kiganja iliyo karibu na kifundo cha mkono. Kwa nguvu. Mapigo matano, na kati ya kila pigo nikitazama kama imetoka.

"Ee, huyu napiga mutoto," mmoja akasema. "Siku ya Idi."

"Kama ni hasira ya bwana," akasema shangazi wa baba yako, yule mwenye jino la dhahabu, "bwana iko pale nje. Piga yeye."

Haikutoka. Nikapiga magoti nyuma yako, nikakuzungushia mikono, ngumi moja juu kidogo ya kitovu, chini ya mfupa wa kifua, mkono wa pili juu ya ngumi, nikavuta ndani na juu kwa ghafla. Kisha tena. Na tena.

Ti.

Hapo ulivuta pumzi, na pumzi ile ilikuwa na mkwaruzo kama mlango wa bati, kisha ukalia. Nilikuwa bado nimepiga magoti. Nikafungua mikono. Ukageuka, ukaniona, na nikaona kwenye uso wako unachokijua wewe: ulikuwa unacheka, ukashindwa kupumua, na mama yako akakupiga. Uliita, "Mama." Tukaitika wote wawili. Ukanipita. Ukaenda kuficha uso wako kwenye njano ile, juu ya tumbo lake, na mikono yake yote ikakufunika.

"Pole, habiba. Pole. Mimi iko hapa."

Mikono yangu ilibaki wazi hivyo kwa muda. Sikujua niiweke wapi.

Sikulaumu. Nimeandika hili mara nyingi kichwani mwangu na kila mara lilitoka kama lawama, kwa hiyo leo ninaliandika kwa kalamu ili libaki jinsi lilivyo. Ulikuwa mdogo, mgongo wako ulikuwa unauma, ulikwenda mahali pasipouma. Ila nilikuwa nimejifunza kila kitu juu ya pumzi ili niwe wa kwanza kwako, na siku nilipokuwa wa kwanza ndiyo siku nilipokupoteza. Hilo limenikaa kooni kwa muda mrefu kuliko lile tunda lilivyokukaa wewe.

Wanaume walipokwenda kutafuta gari la kukupeleka kwa daktari akushike tumbo, kwa maana mtoto aliyevutwa hivyo lazima atazamwe, Zaituni aliinama kwenye sinia. Akaiokota kokwa kati ya punje za wali. Akaiangalia. Kisha akaangalia tonge pale mkekani, kwa muda mrefu. Akanifuata mlangoni.

"Mama Ayikoru. Ile asida yangu ingemaliza mutoto?"

"Ndiyo," nikasema. Ningeweza kusema kwa upole.

"Fundisha mimi."

"Si jambo la kujifunza kwa siku moja. Mimi nilisoma."

Ni jambo la kujifunza kwa asubuhi moja, Ayikoru. Nimewafundisha wanafunzi wa darasa la tano kabla ya mapumziko. Alinitazama, mkono tumboni, na nadhani alijua.

"Iko sawa," akasema. "Wewe iko na kitu yako. Kaa nayo."

Nikakaa nayo. Kila likizo iliyofuata nilikutuma Koboko na sikuutuma ujuzi huo pamoja nawe. Nilijiambia utabanwa, watashindwa, wataniita. Sikupenda ubanwe. Nilipenda niitwe. Soma hapo mara mbili, kwa sababu ukiwa mama siku moja utakuta kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa chumba kimoja na visisalimiane.

Kisha likizo iliyopita ukarudi, na kabla hujavua viatu ukasema unataka kukaa kule. Hukusema kwa ubaya. Ulisema kwa sababu ya Hakimu, ameanza kutambaa, anakufuata kila mahali. Ukanihadithia akila kifungo cha koti la baba, na Mama, ukasema Mama bila kuongeza neno lolote mbele yake, Mama alivyomtia kidole mdomoni na kufukua fukua mpaka kikatoka. Ulikuwa unacheka. Bibi yako alicheka. Mimi nilishika mlango. Kidole kinachoingia bila kuona kinasukuma kitu ndani zaidi. Kile kifungo kilitoka kwa bahati.

Baba yako alipokuja kuzungumza, nilikuwa tayari. Nilikuwa na hoja ambayo hakuna wa kuivunja, na nikaitoa kwa utulivu, kama mwalimu. Nyumba ile haina mtu anayejua la kufanya mtoto akikabwa. Haina mtu anayejua kifua cha Ayikoru. Siwezi kumpeleka mtoto mahali pa namna hiyo.

Akakuna ndevu. "Basi mufundishe Zaituni," akasema.

Nilitazama nje. Mwisho nikasema nitafikiri, na bibi yako akakohoa kule jikoni, kikohozi kisichokuwa na ugonjwa wowote.

Jumamosi iliyopita nilikuambia ninakwenda sokoni Inde. Jioni ukaniuliza mbona nimerudi mikono mitupu, nikasema bei zimepanda. Sikwenda Inde. Nilipanda gari la Koboko.

Alikuwa uani akisuka ukili, Hakimu amefungwa kwa kitenge kwenye mguu wake asifike mbali. Akasimama ghafla. "Iko nini? Mutoto nagonjwa?"

"Hapana," nikasema. "Nimekuja unipige."

Alidhani ni wazimu, halafu akaelewa, na akaanza kucheka kabla hajataka. Tukaingia ndani. Nilimwonyesha kwa mwili wake, kisha nikainama mbele yake nikamwambia afanye yeye.

"Polepole ama na nguvu?"

"Na nguvu. Hapa. Kwa sehemu hii ya kiganja."

Akanipiga. "Hii ni ya Idi," akasema. Akanipiga tena. "Hii ni ya asida yangu." La tatu lilinitoa machozi kweli. "Hii ni ya shangazi, yeye nasema mpaka leo." Tulikuwa tunacheka wote wawili, mimi nimeinama kama ng'ombe anayekunywa maji, na bado nilimwonea wivu, mkono wake ulikuwa mzuri, mzito, wenye uhakika tangu mara ya pili.

Nikamwonyesha ngumi juu ya kitovu, na kwamba ni mapigo matano, kisha mivuto mitano, kisha kurudia, bila kukata tamaa, mtu mwingine akitafuta gari. Kwamba akizimia, alazwe chini, msaada uitwe, na kama hapumui apuliziwe. Kwamba kidole hakiingii mdomoni ila kwa kitu kinachoonekana kwa macho. Kwa Hakimu ni tofauti, mtoto mchanga havutwi tumbo kamwe. Tulimlaza kifudifudi juu ya mkono wa mama yake, kichwa chini, kidevu kimeshikwa, tukamgusa tu mgongoni kwa kuonyesha. Kisha chali, vidole viwili katikati ya kifua. Alidhani ni mchezo. Aliudhika tulipoacha.

Nikamweleza kifua chako. Kuketi, kuinama mbele, vifungo, moshi. Akatazama chetezo chake cha udi pale pembeni, akakiinua, akakitoa nje mwenyewe bila mimi kusema neno.

Hapo ningeweza kuondoka. Nilikuwa nimempa yote ya Mama Bernadeta. Nilifunga kitambaa changu kichwani, nikafika mlangoni, nikasimama. Gari lilikuwa likipiga honi barabarani. Niliwaza ukibanwa usiku kule, umeketi vizuri, umeinama vizuri, vifungo vimefunguliwa, kila kitu kimefanywa sawa na mtu mwema, na wewe unangoja kikombe, na hakuna anayejua kikombe ni nini.

Nikarudi, nikaketi kwenye mkeka. Nikachukua mkono wake nikauweka mgongoni pangu, chini kidogo ya shingo, pale unapopapenda. Nikamwambia akunje kiganja cha pili.

"Hii iko nini?"

"Chai," nikasema. "Iko ya moto. Puliza."

Akapuliza. Nikapuliza. Alipuliza haraka mno, nikamwambia hapana, ndefu, na umwambie bado ya moto, mpaka yeye mwenyewe akuambie imemwagika. Akanitazama karibu kabisa, nikasikia udi wa nguo zake, na hakucheka. Alirudia mpaka akaweza.

Usidhani nilirudi nikiwa mtu mwema. Nilirudi na wivu wangu wote magotini, njia nzima mpaka Arua, kama mtu aliyebeba kuku asiyetulia. Bado ninao hapa ninapoandika. Kesho ukipanda gari na usigeuke kunitazama nitauona tena. Ni wangu, nitautunza mwenyewe, si mzigo wa kwenda nao Koboko.

Lakini kikombe hukipeleki wewe. Kimeshatangulia. Kifua kikibana kule, usiningoje mimi na usiniite, nitakuwa mbali. Mkimbilie, kama ulivyomkimbilia siku ile, na uweke mgongo wako chini ya mkono wake. Anajua. Nilimfundisha Jumamosi.

Mama yako,
wa Mvara